Sintesaiza za kompyuta: pima noti ya juu kabla hujalipa

Lalamiko huwa ni lilelile: mtu kanunua plagini (programu ya kuongeza ndani ya programu ya kurekodia) inayoiga sintesaiza za zamani za analogi kama Minimoog au Juno, besi inanguruma vizuri, lakini akipanda juu kinandani sauti inakwaruza na EQ, yaani kirekebishi cha besi na trebo, haimsaidii. Urembo wa skrini na wingi wa sauti za tayari kajionee mwenyewe kwenye tovuti za watengenezaji. Hapa kigezo kikuu ni kimoja: usafi wa noti za juu.

Wimbi la msumeno, sauti ya msingi ya sintesaiza hizi, lina harmoniki (sauti za juu zinazoambatana na noti) zisizo na mwisho. Kwenye mashine ya analogi zinapanda hadi sikio linaziacha. Kompyuta inayotumia sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde haibebi chochote kilicho juu ya Hz 22,050, na kinachozidi hapo, plagini ikiwa imeandikwa ovyo, kinajikunja na kurudi chini kama sauti ambayo hakuna aliyeipiga. C ya mwisho ya piano ni Hz 4,186. Harmoniki yake ya 9 ni Hz 37,674, nayo inarudi kama Hz 6,426, nje kabisa ya ufunguo wa wimbo. EQ haiikati kwa sababu inahama kila noti inapobadilika.

Pakua demo, anza na sauti tupu. Acha osileta (kinachozalisha wimbi) moja tu kwenye msumeno, fungua filta yote, zima korasi, riveb na dilei. Mradi uwe kwenye 44,100. Piga noti ya MIDI (lugha ya vinanda na kompyuta) namba 108, ndiyo ile C ya mwisho. Fuata namba, maana programu za kurekodia haziafikiani kuhusu namba ya oktava. Sasa sukuma pichi bendi (gurudumu la kupandisha noti) juu polepole, toni nzima. Ukisikia miluzi inayoshuka wakati noti inapanda, umeipata kasoro. Rudia ukiwa umepandisha rezonansi (mkazo wa filta) karibu na mwisho na kuongeza draivu (nguvu ya kuisukuma), kwa kuwa filta inayosukumwa nayo huzaa harmoniki mpya.

Ya kwanza kwangu ni Diva ya u-he, na sifichi upendeleo. Inachanganya osileta na filta za mtindo wa sintesaiza za Moog, Roland na Korg, na usahihi unauchagua mwenyewe: draft, fast, great au divine. Ubaya wake ni kula prosesa. Kordi za noti sita zenye rilisi (muda wa sauti kufifia) ya sekunde nne zinapandiana, na laptop ya zamani inaanza kukatakata. Punguza idadi ya sauti zinazolia pamoja hadi 6, washa Multicore, fanyia kazi kwenye fast, kisha weka OfflineAcc (usahihi wa wakati wa kubaunsi) kwenye best kabla ya kubaunsi, yaani kugeuza trake kuwa faili la sauti. Sikiliza divine angalau mara moja kwanza, maana rezonansi hubadilika kidogo. Demo yake hutoa mikwaruzo ya makusudi baada ya muda. Usiihesabu kama kasoro.

Ya pili ni Repro, ya haohao u-he: Repro-1 inaiga sintesaiza ya Pro-One na Repro-5 inaiga Prophet-5 ya 1978, unazinunua pamoja. Kwa lidi (melodi ya mbele) kali na besi ya kuchapa naiweka karibu sawa na Diva.

Ya tatu, TAL-U-NO-LX, inaiga Juno-60 ya 1982. Ni nyepesi kwa prosesa na korasi yake ni tamu mno. Anayetaka pedi (kordi laini za nyuma) tu hana haja ya kwenda mbali zaidi.

V Collection ya Arturia, furushi la plagini nyingi, inampendeza anayetaka kila kitu kwa mpigo, ila wengi huishia kutumia vyombo vitatu.

Bei zenyewe zinaudhi. Kuna wauzaji ambao punguzo lao la asilimia 50 halikomi mwaka mzima, kwa hiyo ile "bei kamili" iliyopigwa mstari ni pambo. Wengine wanakuonyesha kodi ukiwa tayari umejaza namba ya kadi. Na wanaouza kwenye flashi mafurushi ya plagini za wizi, zilizovunjwa ulinzi, wanakupa virusi pamoja na toleo lisilosasishwa.

Usipokuwa na hela, Surge XT ni bure kabisa. Si nakala ya chombo kimoja, lakini ina filta za aina nyingi. Na kama tayari unamiliki plagini inayopiga miluzi, fungua mradi kwa 96,000, baunsi trake hiyo peke yake, kisha irudishe kwenye mradi wa 44,100 kama faili la sauti.