Gundi ya seremala na unga wa sakafu: rangi niliyoipata hadiwea Mwanjelwa

Naanza na bei, maana ndiyo iliyonifukuza duka la vifaa vya shule. Boksi la rangi za akriliki la tyubu 12, zile ndogo za mililita 12, nilinunua shilingi 18,000 hapa Mbeya mjini. Nyekundu iliishia kwenye picha moja. Njano nayo ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa: unapaka mara tatu, mistari ya penseli bado inakuchungulia. Nasoma sanaa za ufundi Bagamoyo, likizo nakuja nyumbani Ilomba, na safari hii nilirudi na kazi ya picha nne za mita moja kwa mita moja. Kwa tyubu zile ningekula ada.

Nikashuka Mwanjelwa, duka la hadiwea. Nikaomba nusu kilo ya redi oksaidi, kilo ya gundi nyeupe ya mbao na lita ya rangi nyeupe ya ukuta, ile ya maji.

"Sakafu ya chumba kimoja, dada? Nusu kilo haitoshi."

"Sijengi kaka, nachora."

Akanitazama, akamtazama mwenzake, akapima. Kwa jumla nilitoa 15,000 na chenji kidogo ikarudi.

Redi oksaidi mnaijua hata kama jina hamlijui. Ndiyo ile sakafu nyekundu ya sebuleni kwa bibi, inayosuguliwa nta mpaka soksi nyeupe zinatoka na rangi ya matofali. Ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu, na jua haliipaushi kirahisi. Wachoraji wa Ulaya wanauziwa kitu hichohicho kwenye tyubu chenye jina zuri zaidi.

Utengenezaji wake hauna siri ila unataka subira. Kwanza loanisha unga kwa maji, usimwage gundi kwenye unga mkavu, utapata madonge ambayo hata chujio la chai halitayaweza. Mimi natumia kipande cha kioo cha dirisha na kitako cha glasi nene. Nasaga kwa kuzungusha, na tone moja la sabuni ya vyombo ili unga ukubali maji. Matone mawili ni mengi, rangi inatoa povu na povu likipasuka linaacha vitundu. Baada ya dakika kumi hivi sauti inabadilika, ule mkwaruzo wa mchanga unakwisha, kitako kinateleza kimya. Hapo ndipo natia gundi, kiasi sawa na uji wenyewe. Na funga kitambaa puani wakati wa kupima unga; usiku wa kwanza nilipenga kamasi nyekundu, mama akataka twende zahanati.

Kitambaa ni amerikani, nimeibana kwenye fremu na kuipaka rangi ya ukuta mara mbili, msasa katikati. Juu yake nyekundu hii inakaa kama imezaliwa hapo. Nilichora Mlima Loleza kwa mkono mmoja wa brashi, bila kurudia. Nzito, haing'ai, ina kina. Nilifurahi kupita kiasi.

Asubuhi nikaamka nikakuta mlima umeota ukungu mweupe na nyufa, kama shamba la mpunga la Usangu maji yakishakauka. Nikapitisha kidole, nusu ya kilele kikabaki kidoleni. Mama alisimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akasema "ndaga, mwanangu", yaani pole, kwa ile sauti ya msibani.

Bagamoyo nilishawahi kujaribu gundi hii kwenye kazi ndogo za karatasi na haikunifanyia hivi. Jibu nililipata kwa mzee seremala, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Shikamoo, marahaba, akaniuliza nimepaka saa ngapi. Saa nne usiku. Mwezi gani huu? Wa saba. Akacheka. Yeye mwezi wa sita na wa saba hagusi gundi kabla ya saa nne asubuhi, na kopo analilaza ndani, haliachi kibandani.

Baadaye nikaelewa kinachotokea. Gundi hii ni chembe ndogo za plastiki zinazoelea kwenye maji. Maji yakiondoka chembe zinatakiwa kushikana ziwe ngozi moja, na zikiwa za baridi zinakuwa ngumu, kila moja inabaki peke yake, ndiyo ule unga mweupe. Nyingi za aina hii zinataka joto la nyuzi 10 hivi. Ilomba mwezi wa saba usiku unashuka chini ya hapo, na mimi picha nilikuwa nimeiegemeza kwenye korido isiyo na dari. Tatizo halikuwa la muuzaji wala la gundi.

Nilikwangua, nikaanza upya. Sasa napaka kuanzia saa nne asubuhi, naacha saa tisa, na jioni picha inaingia jikoni mkaa ukishazimwa, mlango wazi. Mlima wa pili unanuka maharage kidogo lakini haujapasuka.

Buluu hadiwea hawakuwa nayo. Nilisaga buluu ya kufulia, ile ya kipande, na imekubali vizuri sana. Ya maji msiipotezee pesa, wiki mbili dirishani ikawa kijivu. Udongo mwekundu wa kingo za barabara ya Uyole pia niliujaribu: kuloweka ndooni, kuchuja kwa kanga, kusubiri utuame. Siku tatu za kazi kwa kikombe kimoja cha rangi ya chungwa iliyofifia. Nzuri kwa mbali ya picha, basi.

Kasoro nyingine: haipendi maji. Nilimpa rafiki kipande kidogo, akakipakia kwenye boda mvua inanyesha, kikafika kimepata maziwa juu. Tena usiikunje. Rangi ya ukuta chini ni ngumu, inakatika kwenye mkunjo, kwa hiyo kwenda Bagamoyo fremu zangu zitalipiwa nauli kama abiria.

Kwa mwanafunzi naipa nyota nne. Akriliki ya tyubu ndogo naipa moja. Jana nilirudi hadiwea, kaka akaniona kwa mbali akaita: "Dada wa sakafu! Njano imefika." Nimechukua robo kilo.