Miwani ya Jua kwa Nahodha wa Boti ya Kasi: Kagua Pembeni Kabla ya Lenzi

Malalamiko ya manahodha wanaoendesha boti za kasi kati ya Mwanza na visiwani yanafanana: wamenunua miwani ya bei kubwa, lenzi ina kiza cha kutosha, lakini boti ikishachanganya mwendo machozi yanawatoka hadi hawaoni maboya ya nyavu yaliyo mbele yao. Chanzo ni uwazi ulioachwa kati ya fremu na shavu, ambao wauzaji hawautaji na wanunuzi hawauulizi. Upepo ukipenya hapo hulikausha jicho, nalo hujibu kwa machozi. Wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi, huingia kwa njia hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo naiweka Wiley X mbele ya zote, hasa aina zenye sponji inayopachikwa nyuma ya fremu, ambayo hulala juu ya ngozi na kuziba uwazi juu, chini na pembeni, kisha ukifika gati unaichomoa. Lenzi zake za polikaboneti hazivunjiki kwa urahisi. Sponji huchakaa, na boti ikisimama juani lenzi hushika ukungu, lakini kasoro hizo nazivumilia kuliko machozi katikati ya njia ya Ukerewe.

Ya pili ni Costa, iliyoanzishwa Florida mwaka 1983, ambayo fremu zake nyingi zimepinda kufuata uso. Chukua lenzi ya plastiki, kwa kuwa ile ya kioo ni nzito zaidi na boti hurukaruka juu ya mawimbi. Oakley zilizopinda zinafuata, mradi zikukae vizuri puani. Ray-Ban Aviator inapendeza ufukweni, ila kwa kuwa pembeni iko wazi, siipendekezi kwa boti.

Yoyote utakayochagua iwe na polaraizi, kwa sababu huondoa mng'ao unaoruka kutoka kwenye maji, na katika mwambao wetu wa mawe humsaidia nahodha kuuona mwamba uliojificha chini kidogo ya uso wa ziwa. Hakikisha tu kwamba kioo cha GPS yako hakigeuki cheusi unapokitazama ukiwa umeivaa.

Miwani ya bei rahisi ya mitaani ifungiwe kamba na iwe ya akiba.

Kinachoniudhi ni vibandiko. Neno UV400, yaani lenzi inazuia mionzi ya jua ya urujuanimno (UV), hubandikwa hata kwenye plastiki tupu, ilhali lenzi nyeusi isiyozuia mionzi hiyo huifanya mboni itanuke na kuipokea zaidi, nasi tuko karibu na ikweta, mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Polaraizi unaweza kuijaribu mwenyewe kwa kuizungusha miwani polepole mbele ya simu iliyowashwa: simu nyingi huonekana zikififia kisha kurudi. UV haionekani kwa macho, kwa hiyo mwombe mtaalamu wa miwani mwenye kipimo. Wapo pia wauzaji wanaopandisha bei wakisikia neno boti. Usilitaje hadi mkubaliane.

Kabla ya kulipa, omba feni iwashwe, simama mbele yake ukiwa umevaa miwani, kisha geuza kichwa kulia na kushoto. Jicho likihisi upepo, irudishe.