Uzoefu wangu: kunyanyua Hilux Vigo mbele na kuimarisha springi za nyuma, hapa Mtwara

Nina Hilux Vigo dabo kabini, dizeli ya 3.0 D-4D. Kazi yake ni vifaa vya ujenzi: natoa saruji na mabati Mtwara mjini, nashusha Nanyamba, Tandahimba hadi Newala, na mikorosho ikianza kupuliziwa napakia salfa. Jumapili ni gari la familia. Nilitaka likae sawa, pua isiinamie chini, lakini lisishindwe na kazi inayotulisha. Msimu wa korosho umepita na mvua zake zimepita nikiwa nalo hivyo, na ninasema bila kusita kwamba hela yangu imerudi. Imerudi kwa sababu kazi ilianzia nyuma.

Wengi hapa mjini wanaanzia mbele. Mtu anaona pikapu imebinuka nyuma, anaona haijatulia, ananunua spesa, vile vipande vinene vya kunyanyulia, fundi anazifunga juu ya shokapu za mbele, jioni gari limenyooka na picha zinapigwa. Sasa, ule mbinuko haukuwekwa kiwandani kwa bahati mbaya. Ni nafasi ya mzigo: ukipakia, nyuma inashuka na gari linakaa sawa. Ukinyanyua mbele peke yake ili lipendeze likiwa tupu, nafasi hiyo umeshaila. Siku utakayobeba tani moja, yaani mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, mkia unalala na pua inapanda. Usukani unakuwa mwepesi, tairi za mbele hazing'ang'anii barabara, na taa zinamulika vichwa vya minazi. Dabo kabini inaumia zaidi ya singo kabini, maana bodi lake la mizigo ni fupi, kama mita moja na nusu, na sehemu kubwa ya bodi hilo iko nyuma ya ekseli. Kila mfuko unaouweka karibu na mlango wa nyuma unainyanyua pua.

Fundi wangu hakugusa spana siku ya kwanza. Aliniambia, "Kaka, kalete mzigo kwanza." Nikaenda dukani, nikapakia, nikarudi. Tukapima kwa futi kamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, mzigo ukiwemo, kisha tukashusha tukapima tena. Namba zote akaziandika kwa chaki kwenye ukuta wa gereji. Likiwa tupu: mbele sentimita 51, nyuma 55. Likiwa na tani: nyuma 44, mbele 52. Sentimita 11 zote zinapotea nyuma! Springi za majani, yaani zile za nyuma za vyuma bapa vilivyolaliana, zilikuwa zimenyooka kabisa, na raba za kuzuia mgongano zilikuwa zimekaa juu ya ekseli. Kwa namba zile hakukuwa tena na haja ya kubishana.

Njia za bei rahisi zipo na nilitajiwa zote. Ya kwanza, kuchomeka jani la Canter kuukuu. Hilo mimi nilikataa, kwa sababu jani la gari jingine lina mkunjo wake na unene wake. Majani yasipolaliana vizuri, moja linabeba mzigo wote na ndilo linalokatika, na mara nyingi linakatika porini. Ya pili, kulichoma jani kwa gesi ili kulikunja upya. Tafadhali msikubali. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto maalumu, ukikichoma hovyo kinalegea au kinakuwa chepesi kuvunjika. Ya tatu ni kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi. Hicho kinapandisha nyuma kweli, lakini nguvu ya kubeba haiongezeki hata kilo moja.

Nilichonunua ni seti kamili ya Old Man Emu, ya Australia: springi za koili na shokapu za mbele, springi za majani na shokapu za nyuma, pamoja na bushi mpya na yuboluti mpya, zile boliti zinazoishika springi kwenye ekseli. Iliagizwa Dar ikaja kwa basi. Si bei ya mchezo. Zile za mbele peke yake zilikaribia bei ya tairi nne mpya. Springi za nyuma zinauzwa kwa madaraja kulingana na uzito unaobeba kila siku. Nilichukua daraja la kati, si lile zito, kwa sababu nikishashusha saruji Newala narudi mtupu, na springi nzito kwenye gari tupu inarusha abiria na kuifanya nyuma iteleze kwenye kona za changarawe.

Mbele tulipandisha sentimita 4 tu. Kuna waliotaka niende 7 au 8 ili tairi kubwa zaidi ziingie. Hilux hii ina draivshafti za mbele, yaani fimbo zinazozungusha tairi, na ukipita kama sentimita 5 zinakaa pembe kali: buti za raba zinachanika, mchanga unaingia, na jointi zinaanza kugonga ukikata kona. Boli jointi za juu, viungo vinavyoshikilia sehemu ya tairi, nazo zinavutwa hadi mwisho wake.

Baada ya kazi tulipima tena. Tupu: mbele 55, nyuma 58. Na mifuko 20: nyuma 51, mbele 55 na ushei. Ina maana likiwa tupu bado limebinuka kidogo nyuma, lakini kwa macho tu unaona limenyooka na limesimama vizuri. Nimeshaulizwa sheli ni lifti ya inchi ngapi. Likiwa na mzigo mkia unashuka kidogo chini ya pua, hilo nalikubali, na kile kigurudumu cha kushusha taa kwenye dashibodi kinatosha kuzirudisha barabarani.

Barabarani tofauti ni kubwa. Kwenye matuta ya njia ya Mnivata nilikuwa nasikia nyuma inagonga chuma kwa chuma nikiwa na saruji. Sasa linapanda na kushuka mara moja, basi. Mchanga wa Msimbati nao linaupita kwa raha zaidi, kwa sababu tumbo liko juu. Ila upepo wa tairi bado unatakiwa upunguzwe, springi haibadilishi hilo.

Malalamiko yangu makubwa ni breki. Hilux yangu ina vali kule nyuma inayosoma mzigo: fimbo ndogo imeshikana na ekseli, nyuma ikilala vali inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi, nyuma ikiinuka inapunguza. Ukipandisha nyuma bila kuirekebisha fimbo ile, vali inadhani gari ni tupu hata ukiwa na tani. Gereji iliyofunga springi haikuigusa na haikuniambia. Nilihisi kwenye mteremko wa kutoka Newala kwenda Masasi: nikikanyaga, pua inazama na breki za mbele ndizo zinazofanya kazi yote, hadi zikanuka. Fundi wa breki aliirekebisha kwa muda mfupi sana. Ukifanya kazi hii, iulizie vali hiyo kabla hujalipa, na usiondoke gereji kabla hujamwona mtu amelala chini ya gari akiishika.

Wili alaimenti ni lazima, siku ile ile. Ukipandisha mbele, kasta na kemba, yaani pembe za ulalo wa tairi za mbele, zinahama, na tairi zitaliwa upande mmoja. Yuboluti zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi. Zangu zilikubali robo mzunguko kila moja.

Na jambo la uzito. Mteja mmoja Kitangari aliona gari halijalala akataka niongeze hadi mifuko 30. Nilikataa. Springi imeongezeka nguvu, lakini ekseli, chasisi, breki na tairi ni zile zile zilizotoka kiwandani kwa takribani tani moja, na tani hiyo inahesabu na watu waliokaa ndani.

Kasoro iliyobaki ni kwamba likiwa tupu ni gumu kuliko zamani, hasa kwenye barabara yenye mawimbi, na abiria wa siti ya nyuma wanalihisi hilo kabla ya dereva. Mama yangu ana magoti mabaya, na kupanda siku hizi ni kazi kwake; lazima mtu ashuke amshike mkono. Nimeshaagiza vikanyagio vya pembeni, vile vipana vya chuma vinavyofungwa kwenye chasisi, maana vile vya plastiki vinavyofungwa kwenye bodi sivyo vya kumkanyagisha mtu mzima.