Miezi 14 nimepanga apatimenti Dodoma, Nzuguni: nyumba nzuri, ila ulizia tanki kwanza

Mimi ni mtumishi, ofisi yetu ilihamia Mtumba, ule mji wa serikali wa Dodoma, zamani tu ila nilikuwa nazungushazungusha kubaki Dar, mwisho wa siku barua ikaja na ikabidi nihame. Nikaanza kusaka nyumba nikiwa Dar, kwa simu na picha za WhatsApp, na hapo ndo kosa la kwanza, kwa sababu kwenye picha kila apatimenti ya Dodoma ni mpya, kila jipsamu ni nyeupe na kila taili inang'aa. Ni kweli ni mpya, nyumba nyingi za huku zimeota baada ya Magufuli kutangaza 2016 kwamba serikali inahamia, japo uamuzi wenyewe ni wa 1973 enzi za TANU. Yaani mji una ramani ya miaka 50 na nyumba za miaka sita.

Dalali aliniambia "boss, hapa na Mtumba ni dakika kumi tu". Dakika kumi za usiku wa manane labda. Mtumba iko kama kilomita 17 kutoka mjini kwa barabara ya Dar, Nzuguni iko katikati hapo kwenye njia hiyohiyo, kwa hiyo kimahesabu sio mbali, lakini asubuhi watumishi wote mnaelekea upande mmoja na jioni wote mnarudi upande mmoja, daladala zinajaa tangu huko zinakotoka, ukisimama kituoni saa moja na nusu unaangalia migongo ya watu inapita. Wiki ya pili nikajua dawa ni kutoka kabla ya saa moja. Wenye ofisi zenye basi la watumishi mna bahati, ulizieni linapita wapi ndo mtafute nyumba, msifanye kama mimi.

Gharama sasa. Vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko, paking, fensi na mlinzi, 350,000 kwa mwezi. Mama mwenye nyumba alitaka mwaka mzima, nikamwomba "mama, mi ndo nahama hata kitanda sijasafirisha", akakubali miezi sita, kwa hiyo 2,100,000 ikatoka kwa mkupuo, dalali akachukua ya mwezi mmoja yake, na kabla ya hapo nilishamlipa hela ya kuonyeshwa nyumba ambazo mbili kati yake zilikuwa zimeshachukuliwa na alijua. Hilo la dalali silipigii kelele, ndo mjini. Mkataba tuliuandika vizuri, tukaenda nao serikali ya mtaa ukagongwa muhuri, na nashukuru Mungu tuligonga huo muhuri, mtaona mbele.

Nyumba yenyewe naipa alama za juu. Milango mizito, kila apatimenti ina mita yake ya umeme ya LUKU, jiko lina makabati ya kweli sio yale ya kubandika, na kuta hazipitishi sauti, jirani wa juu ana watoto watatu na siwasikii. Usiku wa mwezi wa sita hadi wa nane baridi ya huku sio mchezo kwa mtu wa Dar, feni niliibeba Dar na ikakaa kwenye boksi miezi mitatu. Ila vumbi! Kiangazi upepo unavuma na vumbi linapita kwenye madirisha ya aluminiamu kama vile hayajafungwa, unafuta meza asubuhi, jioni unaandika jina lako juu yake.

Sasa maji. Hapa nikae kidogo maana ndo sababu ya kuandika yote haya.

Wakati nakagua nyumba nilifungua bomba, maji yakatoka kwa presha, nikaridhika. Nilichokuwa nakiona ni maji ya tanki, sio ya bomba la mtaani. Dodoma ni nchi kame, mvua ni kuanzia huko Desemba hadi Aprili basi, na mji umetegemea visima vya Mzakwe miaka na miaka wakati watu wanaongezeka kila siku, kwa hiyo maji ni ya mgao, mtaani kwetu yanakuja siku kadhaa za wiki, mara nyingi usiku. Tanki letu la chini ni moja, linahudumia apatimenti sita, halafu kuna pampu ya kupandisha juu, na pampu inataka umeme. Umeme ukikatika siku ya mgao hamna kinachopanda. Nimeshawahi kuoga kwa ndoo nikiwa nimevaa tayari kitambulisho cha kazi shingoni, msiniulize ilikuwaje.

Na hayo maji yana chumvi. Birika langu la umeme lilifanya ukoko mweupe ndani ya wiki tatu, hita ya bafuni ikafa mwezi wa tano, fundi alipoifungua akacheka akasema "kaka hii umepikia chokaa?" Ya kunywa nanunua. Kwa hiyo ukija kukagua nyumba usifungue bomba, uliza tanki ni lita ngapi, linahudumia nyumba ngapi, pampu ni ya nani ikiungua, na maji yanakuja siku zipi. Umuulize mlinzi sio dalali. Mlinzi wetu ni mzee wa Kigogo, nikimwamkia "mbukwenyi" anafurahi na kunipa taarifa zote, yeye ndo hunipigia saa nane usiku "mwanangu maji hayo", naamka najaza madumu.

Kitu kingine kidogo ambacho watu wanalalamikia bila kukijua: ukinunua umeme mara ya kwanza kwa mwezi unaona yuniti zimepungua. Hiyo ni kodi ya jengo, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na kwa sheria ni deni la mwenye nyumba sio lako. Mimi nilitunza meseji zote za LUKU, tulipofika kuongeza mkataba nikamwonyesha mama, akashika kalamu akapunguza kwenye kodi bila ugomvi. Hapo alinifurahisha.

Alichoniudhi ni Bunge. Bunge la bajeti linaanza Aprili linaenda hadi Juni mwishoni, na mji unafurika, wabunge, madereva, maafisa wa wizara na taasisi, kila mtu anatafuta pa kulala. Mwezi wa tatu mama akanipigia, sauti ya upole kabisa, "mwanangu, hivi huwezi kunipisha miezi mitatu tu, nitakutafutia chumba kwa mdogo wangu?" Yaani nihamishe vitanda na friji, apangishe kwa siku kwa bei ya wageni, halafu nirudi Julai. Nikamwambia mama mkataba wetu una muhuri wa mtaa. Akanyamaza. Akaguna. Akasema haya. Ila apatimenti mbili za chini aliziweka za wageni, paking ikajaa magari hadi nikawa nalaza kigari changu nje ya fensi, na lile tanki moja likawa linaisha saa kumi na mbili asubuhi.

Pamoja na yote bado nipo. Soko la Job Ndugai liko karibu, stendi kuu ya mabasi iko karibu, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024 Ijumaa jioni naenda Dar kuona familia na Jumapili narudi, ambayo kwa basi ilikuwa siku nzima ya kukunjamana. Jirani mmoja alihamia Ihumwa kuwa karibu zaidi na ofisi, akaokoa nauli, ila anasema jioni ni giza na ukimya, hata chipsi unatafuta kwa bodaboda, na kila Jumamosi namwona amekuja kukaa sebuleni kwetu.

Mkataba unaisha mwezi ujao, nimemwambia mama nalipa mwaka mzima kama anavyopenda, akiongeza simtanki la pili kabla ya Aprili. Kasema anafikiria. Na kuna apatimenti imebaki wazi ya juu upande wa magharibi, dalali anaizungusha na picha za asubuhi. Hiyo jua la jioni linaipiga mpaka saa kumi na mbili, kwa hiyo ukitaka kuiona nenda saa kumi.