Ukurasa mpya wa mipangilio: sasa angalau najua nani kanibadilishia tabu

Kihariri changu, yaani programu ninayoandikia msimbo, kimepata toleo jipya lenye ukurasa mpya wa mipangilio, na hapa nasema nilivyouona. Naanza na Makefile, maana ndiyo iliyonipeleka kwenye mipangilio siku moja kabla ya toleo hilo. Kwa asiyeijua, ni faili ya maagizo inayosomwa na programu ya make, na humo kila mstari wa amri lazima uanze na tabu halisi, ile alama ya kitufe cha Tab. Weka nafasi nane badala yake, kwa macho huoni tofauti yoyote, lakini make inagoma na kudai kitenganishi hakipo. Kihariri changu kilikuwa kinageuza kila tabu niliyobonyeza kuwa nafasi nne. Nikafungua mipangilio, nikaondoa tiki kwenye kipengele cha kutumia nafasi badala ya tabu, nikarudi kwenye faili, nikabonyeza. Nafasi nne. Nikafunga programu, nikaifungua upya. Nafasi nne. Kisanduku kule kwenye mipangilio kitupu kabisa, hakina tiki, na kihariri kinafanya kinyume chake mbele ya macho yangu.

Ilinichukua karibu saa nzima kugundua kwamba ndani ya folda ya mradi kulikuwa na faili ya .editorconfig, na humo mtu alishaandika indent_style = space, yaani tumia nafasi badala ya tabu, kwa faili zote. Faili hiyo ndiyo yenye kauli ya mwisho, na sina ugomvi nayo. Kazi yake ni kuhakikisha watu wanaofanya mradi mmoja kwa vihariri tofauti wanaandika kwa mtindo mmoja. Nikaongeza sehemu ya [Makefile] yenye indent_style = tab, mambo yakaisha. Kilichoniudhi ni ule ukurasa wa mipangilio uliokaa kimya saa nzima ukiniacha nibofye kitu kisichofanya kazi.

Hilo lilikuwa toleo la zamani. Jipya nimelitumia wiki tatu sasa, na kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kusasisha ni kufungua mradi uleule na kutafuta kipengele kilekile. Chini yake kuna mstari mdogo wa kijivu unaosema thamani hii imetoka kwenye faili ya mradi, na ukiubofya unakufungulia faili yenyewe. Mstari mmoja tu! Watumiaji wa Vim, kihariri cha kuendesha kwa amri za kuandika, watanicheka, maana wao wakiandika :verbose set expandtab? wanaambiwa thamani iliyopo na faili iliyoiweka mara ya mwisho. Sawa, wacheke, ila sisi wa kubofya nasi tumefikiwa.

Zamani zaidi, kabla hata ya ule ukurasa wa tiki, mipangilio ya kihariri hiki ilikuwa faili ya JSON, maandishi matupu ya majina na thamani zake: kushoto chaguo-msingi, kulia za kwako, unanakili unachotaka na kubadilisha. Sikuichukia. Ila ukisahau mkato mmoja tu, mipangilio yote inapuuzwa na fonti inarudi ya mwanzo, na mtu mgeni anadhani kaharibu kompyuta. Visual Studio Code, kihariri cha Microsoft, nayo ilipita njia hiyohiyo, ikapata ukurasa wa kubofya mwaka 2018, na ilifanya vizuri kuiacha faili ya JSON ibaki kwa wanaoitaka. Hawa wangu nao wameiacha. Kitufe cha kuifungua kipo juu kulia, na unachobadilisha upande mmoja unakiona upande wa pili papo hapo.

Kingine nilichokipenda ni kichujio cha kuonyesha vilivyobadilishwa tu. Nilikibonyeza nikakuta vipengele 23 nilivyowahi kuvigusa, na vingine sikumbuki hata nilivigusa kwa nini. Kila kimoja kina kialama cha rangi pembeni na kitufe chake cha kurudisha thamani ya mwanzo. Nilirudisha tisa, na hakuna nilichokosa hadi leo.

Sasa kero. Ukubwa wa fonti. Kisanduku kimeandikwa 14, mimi nataka 18. Nikafuta, nikaandika 1, na kabla kidole hakijafika kwenye 8 maandishi yote ya faili pembeni yakawa vumbi, kwa sababu programu imeshatii ukubwa wa 1. Kisha 18, yote yakafura na ukurasa ukaruka hadi mstari mwingine, nikapoteza mahali nilipokuwa. Kutekeleza mabadiliko papo hapo ni jambo zuri kwenye tiki na kwenye orodha za kuchagua. Kwenye kisanduku cha namba, programu iningoje basi nibonyeze Enter.

Cha ajabu ni kwamba vipengele vingine vinafanya kinyume kabisa. Nilibadilisha lugha ya menyu, kimya. Nikadhani imegoma. Kesho yake nikawasha programu, menyu imebadilika. Neno "washa upya" lingetosha.

Utafutaji nao bado una kiburi. Nilitaka mistari mirefu ikunjwe isiende nje ya dirisha, nikatafuta kwa neno la kukunja, sikupata kitu. Kumbe wao wanaita kuzungusha. Nikajaribu "mistari mirefu", nikaletewa rula, ule mstari wa wima unaoonyesha herufi ya 80 ilipo. Mtu anayetafuta mipangilio mara nyingi anajua anachotaka ila hajui jina walilokipa, na kumwekea visawe viwili vitatu nyuma ya kila kipengele si kazi kubwa. Halafu kuna maelezo kama "zima ili kutokuficha herufi zisizoonekana". Niliyasoma mara tatu, mwisho nikaweka tiki nione nini kitatokea.

Nyota nne. Nimewaandikia kuhusu kile kisanduku cha fonti. Kwa sasa, nikitaka kubadilisha ukubwa, naandika namba kwanza kwenye programu ya daftari, naikata, halafu naibandika nzima.