Fedha taslimu baada ya mafuriko: uzoefu wangu, Mabogini

Maji yakishaingia ndani, anayebisha hodi wa kwanza si mwenyekiti wa kitongoji wala mtu wa msaada. Ni kijana wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Masika ya 2024 huku kwetu Mabogini, chini ya mji wa Moshi, alipita magodoro yakiwa bado juani: "Mama, chukua laki moja leo, rejesho kila wiki, mwezi ukiisha uwe umetoa laki na thelathini, dhamana hata sofa inatosha." Sofa lenyewe lilikuwa linachuruzika tope. Naanzia hapo makusudi, ili mjue naipimia wapi hii huduma ya kutumiwa msaada wa fedha kwenye simu. Wengi wanailinganisha na mgao wa unga na mablanketi. Mimi nailinganisha na lile daftari la yule kijana.

Utaratibu wenyewe haukuwa mgumu. Watu wa shirika lililotoa msaada walikuja na mwenyekiti na balozi wa nyumba kumi, wakapita nyumba hadi nyumba, wakaandika majina, namba ya NIDA na namba ya simu, wakapiga picha alama ya maji ukutani. Yangu ilifika usawa wa kitasa cha mlango. Hakuna aliyedai chochote ili jina liandikwe, na hilo nalisema kwa sababu tumezoea vinginevyo. Fedha zilikuja kwa awamu mbili, shilingi 250,000 kisha 200,000, na gharama ya kutolea walikuwa wameshaiongeza juu, hivyo kwa wakala nilipokea kamili.

Ya kwanza ilikwenda kwenye cherehani. Ni ya miguu, ya zamani, na ilikuwa imelala chini ya maji usiku kucha. Fundi alipofungua sahani ya sindano tukakuta tope limeganda kwenye yale meno yanayosukuma kitambaa, bobini imeota kutu, mkanda umelegea hauzungushi gurudumu. Alikaa barazani kwangu na mswaki mkuukuu na kikopo cha mafuta ya taa, akichokonoa kijino kimoja kimoja, kila anapofuta anazungusha gurudumu kwa mkono na kutega sikio. Akabadilisha mkanda na bobini, akatia mafuta. Nilimpa shilingi 40,000, nikapanda daladala kwenda mjini kununua nyuzi, zipu na kitambaa cha sare, nikapitia soko la Memorial kuwatafutia watoto mitumba maana walibaki na nguo za mwilini. Kabla wiki haijaisha nilikuwa napunguza suruali za watu na kupokea hela ya mkononi. Deni la dukani nikalilipa nusu, na mwenye duka, ambaye naye maji yalimharibia sukari na unga, akapata cha kwenda kununulia mzigo.

Blanketi la mgao nililipokea na ninalo hadi leo, nashukuru. Ila fundi halipwi kwa blanketi. Mafuta ya kupikia ya mgao nimeyaona kwa macho yangu yakiuzwa nusu bei hapahapa mtaani, kwa sababu aliyepewa alihitaji nauli, au dawa, au kodi ya chumba. Mwenye nyumba iliyoanguka na mwenye shamba la mpunga lililosombwa hawana shida moja, sasa kwa nini wapewe mfuko mmoja?

Najua litakalofuata: wanaume watainywea mbege. Wapo walioipitisha kilabuni, sitawafichia. Lakini mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti za nchi nyingi kuhusu jambo hilihili, wakakuta kwamba kwa ujumla fedha za msaada haziongezi matumizi ya pombe na sigara. Na jamani, mbona wakopeshaji hakuna anayewauliza kama mkopo wao unanywewa?

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni kuchelewa. Kati ya kuandikwa majina na ujumbe kuingia kwenye simu kulikuwa na ukimya mrefu, na ndani ya ukimya huo majirani zangu kadhaa walishasaini kwa kausha damu. Msaada ulipofika, kwao ulipita tu kama mgeni wa njiani, ukaenda wote kwenye rejesho. Naelewa hatukuwa peke yetu: Aprili 25 mwaka huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua hizo za El Niño zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya watu 200,000 nchini. Lakini inawezekana kuwahi. Bangladesh, Julai 2020, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilizitumia fedha kaya zaidi ya 20,000 kwa kufuata utabiri, kabla mafuriko ya mto Jamuna hayajafika kilele. Huku kwetu mvua ikipiga mlimani kila mtu anajua maji yanaelekea wapi.

Kasoro ya pili ni wapangaji. Orodha ilihesabu nyumba, si majiko. Dada aliyepanga chumba uani kwa jirani, ana watoto wawili, alipoteza kila kitu na jina halikuandikwa kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameshaandikwa. Alilalamika, akaingizwa awamu ya pili tu. Ya kwanza hakulipwa.

Kama na kwenu wanakuja kuandikisha, hakikisha laini ni ya jina lako. Mimi simu yangu iliharibika kwa maji, lakini laini ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu, nikairudisha siku hiyohiyo. Jirani aliyekuwa akitumia laini ya shemeji yake fedha ziligoma, majina hayakulingana, akasumbuka kweli. Nenda kwa wakala asubuhi, maana siku ya malipo kijiji kizima kinatoa na mchana utaambiwa ameishiwa fedha taslimu. Zile jumbe za "ile hela itume kwenye namba hii" zitamiminika kuliko kawaida, na atakayekupigia akitaka namba ya siri ili "akuongezee awamu", mkatie. Namba ya malalamiko wanaitaja siku ya kuandikisha. Iandike kwenye karatasi uitundike juu, tena juu kabisa, kwenye kenchi.