Kipimo cha presha cha nyumbani: maoni baada ya miezi sita ya kukitumia

Nilinunua kipimo hiki baada ya daktari kuniambia kwamba namba za kliniki pekee hazikumtosha kuamua kama nianzishiwe dawa. Wapo watu ambao presha yao hupanda kwa kumwona tu mtu aliyevaa koti jeupe, na wapo ambao huonekana wazima kliniki ilhali nyumbani iko juu; na kwa kuwa shinikizo la juu la damu linaongoza miongoni mwa visababishi vya kiharusi vinavyoweza kudhibitiwa, kukosea upande wowote ni hatari.

Kifaa ni cha kufunga mkononi, juu ya kiwiko, na hujijaza upepo chenyewe. Aina hii naipendelea kuliko ile ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, ambayo majibu yake huyumba kwa urahisi mkono usipowekwa sawasawa na usawa wa moyo. Skrini inasomeka vizuri hata bila miwani, na betri hazijaisha hadi leo.

Kasoro kubwa ni mkanda wake. Ule uliokuja ndani ya boksi ulikuwa mdogo kwa mkono wangu, na muuzaji hakuuliza wala kupima chochote. Sehemu inayojaa upepo inapaswa kuzunguka takriban asilimia 80 ya mkono. Ikipungua hapo, kipimo huonyesha presha kubwa kuliko iliyopo. Wiki nzima niliishi na hofu isiyo na msingi, mpaka muuguzi alipoutazama mkanda na kucheka. Nilipopata mkubwa zaidi, ambao nililazimika kuununua peke yake, namba zilishuka siku hiyohiyo. Anayenunua achukue kwanza mzingo wa mkono wake, katikati ya bega na kiwiko.

Kumbukumbu yake ndiyo iliyonifaa zaidi. Daktari alitaka vipimo vya siku saba, mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, kwa kupishanisha dakika moja, kisha akaitupa siku ya kwanza na kuchukua wastani wa zilizobaki. Wastani wa nyumbani ukifikia 135 kwa 85 huhesabiwa kuwa juu, tofauti na 140 kwa 90 inayotumika kliniki katika miongozo mingi. Kijitabu cha maelekezo kinaeleza vyema kwamba mtu akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea na nyayo ziko sakafuni, wala asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia. Hakisemi kwamba kibofu kilichojaa nacho hupandisha presha, jambo nililolijua kwa kujaribu.

Kuna pia alama ndogo ya moyo inayowaka mapigo yanapokosa mpangilio. Haitoi jibu la ugonjwa, kwani hilo ni kazi ya kipimo cha umeme wa moyo, lakini inastahili kuheshimiwa ikijirudia: aina mojawapo ya mapigo ya ovyo hufanya damu igande ndani ya moyo na huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano.

Nisichokubaliana nacho ni maneno ya kwenye boksi kwamba kifaa hiki "hugundua kiharusi mapema". Hakigundui. Mtu anaweza kuwa na uso uliopinda upande mmoja, mkono uliolegea na maneno yasiyoeleweka, huku skrini ikionyesha namba za kawaida kabisa. Na ndugu wanaoendelea kumpima na kumpima tena wanakula muda wake. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba hakuna mshipa uliopasuka, na ndiyo sababu aspirini haipaswi kutolewa nyumbani. Hata dalili zikitoweka baada ya dakika chache, safari ya hospitali haiahirishwi, kwa sababu kiharusi kamili kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Kipimo nimekibakiza, na kwa kazi yake halisi nakisifu. Ndani ya kifuniko cha boksi nimebandika karatasi yenye dalili hizo tatu na nafasi ya kuandika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa kuwa hilo ni miongoni mwa maswali ya kwanza atakayoulizwa anayemfikisha hospitali.